Mugure wa Mashine za Gemu Anatuacha

Ijumaa tarehe 28 Agosti, Mugure wa Kabiru, ambaye wengi wenu mnamwita Mama Abby, anamaliza kazi katika duka letu la vyombo vya umeme hapa Nakuru. Amefanya miaka ishirini na mbili, yote kwa meza ya mashine za gemu. Ile meza nayo inafungwa siku hiyo hiyo. Vikram, mwenye duka, alimpa nafasi ya kukaa kwa keshia, apokee pesa, ili asiende. Amekataa. Mimi Kemboi wa stoo nimeambiwa niandike habari zake. Shule sikukaa sana, lakini kwa kukumbuka, hapa dukani hakuna wa kunishinda.

Mugure alitoka Subukia, akaandikwa kazi na mzee Ishwarlal, babake Vikram. Wakati huo tuliuza mashine aina mbili. Sisi tuliziita Nyeusi na Nyeupe, kwa rangi ya makatoni. Mteja akiingia, wauzaji wengine walimsomea katoni: hii ina nguvu, hii picha yake ni kali. Mugure hakusoma katoni. Aliuliza tu, "Unacheza na nani?" Mtu akisema anacheza na binamu yake wa Lanet, Mugure anauliza huyo binamu ana gani. Akiambiwa Nyeusi, anafunga Nyeusi. Imekwisha. Maana vijana walikuwa wanaazimana CD, na pedi ya kuchezea ikiharibika unakimbilia ya jirani. Ukinunua tofauti na wenzako, utakaa nayo peke yako kama mgonjwa.

Mimi nilibisha. Nilisema mtu anunue yenye nguvu, kama vile ananunua trekta. Hata leo nasema hivyo.

Alikuwa pia na sheria yake: hakuuzii mpaka uketi kwa benchi, mbele ya televisheni, na yule mtakayekuwa mkicheza naye. Kila Jumamosi benchi hiyo ilikuwa vita, vijana wakimwita Mugure mathe, yaani mama.

"Mathe, huyu anabonyeza ovyo ovyo, mwambie!"

"Umefungwa tano, boss. Nyamaza ulie."

Mugure anacheka, lakini macho yake yako kwa mikono yao. Anajua nani ni wa mpira na nani ni wa magari kabla hawajajua wenyewe.

Kuna Desemba moja mzee Ishwarlal aliambiwa na muuzaji wa jumla kwamba Nyeupe ndiyo yenye nguvu zaidi, akajaza stoo. Stoo yangu, na niliipanga hata panya akakosa njia. Krismasi ikafika. Vijana wa Milimani wakaingia, wakaisifu Nyeupe, wakaigeuza geuza, halafu wakaenda kununua Nyeusi duka la ng'ambo ya barabara. Januari bado tulikuwa tunapita kando kando kwa sababu ya makatoni. Mzee akaacha hata kunywa chai na sisi. Akasema Pasaka ikifika na stoo bado iko hivyo, muuzaji mmoja ataenda nyumbani, na wote tulijua ni Mugure, kwa sababu ndiye aliyeandikwa mwisho.

Ndipo akaja fundi mmoja wa mitambo ya umeme ya Olkaria, jina lake Kiprotich, anataka Nyeupe moja. Mteja wa pekee wiki nzima. Mugure akamkatalia!

"Usinunue peke yako, kaka. Utaichoka kabla mwezi uishe. Rudi na wale mnaishi nao."

Mzee Ishwarlal akashika kichwa. "Mugure, unafukuza mteja?"

"Simfukuzi, mzee. Nimemtuma."

Jumamosi Kiprotich alirudi na wenzake wamejaa pikapu. Walikuwa wanakaa nyumba za wafanyakazi, ukuta kwa ukuta. Wakanunua wote siku moja, kila mtu na CD yake tofauti ili wabadilishane. Wa zamu ingine wakaona wivu, nao wakaja. Stoo ikabaki sakafu. Mimi ndiye niliwafungia mzigo, na hakuna katoni iliyokunjika kona mpaka Olkaria. Kufunga kamba kama mimi, Nakuru hii hakuna.

Siku hizi mambo ni mengine. Gemu inashuka kwa intaneti, CD hakuna wa kuazima. Watu wanakuja wamechagua kwa simu, wanauliza bei na garanti, wanatoka. Benchi haikaliwi. Mwezi wa tano kijana mmoja alikuja na babake. Mugure akamuuliza anacheza na nani.

"Watu wa online, mathe. Siwajui."

Mugure aliziangalia zile mashine, akaziangalia tena, akamgeukia baba. "Chukua yoyote," akasema. Mimi nilikuwa mlangoni na katoni begani. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Haikupita muda Vikram akasema meza ifungwe, na Mugure hakubisha hata kidogo. Hiyo ndiyo iliniuma.

Nimembembeleza mpaka nimechoka. Nimemwambia kwa keshia kuna kiti kizuri, na ile nyumba ya Subukia haina mtu tangu Abby aende Dubai.

"Utaongea na nani huko, mama?"

"Na ng'ombe."

"Ng'ombe hajibu."

"Hata wateja hawajibu siku hizi, Kemboi. Kuketi kwa keshia ni kupokea tu. Mimi siwezi kuuza kitu na sijui mtu anakipendea nini."

Mama Abby, wafanyakazi wote tunakushukuru, na wengi hapa wamejifunza kazi kwako. Mvua ya Subukia ije kwa wakati, magoti yasikusumbue kwa ule mlima wa kwenu, na Abby apige simu kila Jumapili. Mimi sijabadilisha mawazo yangu, unakosea kwenda. Vikram ameacha kile kiti wazi mpaka Ijumaa jioni. Nimekifuta vumbi mwenyewe, na najua hutakikalia.