Mzee Tharsisi, Aliyekaa Chini Nasi Mpaka Mwili Utulie

Ndugu waombolezaji, nanyi mliotoka Kasulu kwa lori la ushirika, tumsindikize kwa kucheka kidogo, maana baba yetu Tharsisi Ndihokubwayo hakuvumilia nyuso zilizokunjamana.

Alizaliwa Busunzu, Kibondo, tarehe 3 Mei 1920, mtoto wa tatu wa mzee Bazilio na mama Kezia, akasoma shule ya misheni, akajifunza uuguzi Kasulu, na mwaka 1942 akaanza kazi, akizunguka vijijini kwa baiskeli isiyo na breki, akiimba kwa sauti mbaya ili watu wampishe. Tarehe 9 Juni 1945 alifunga ndoa na mama yetu Immakulata, wakajaliwa watoto watano.

Wa sita alimpata Februari 1974, katika shule ya msingi hapa Kibondo, na ndiye mimi, Uwimana, ninayewasomea. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimevuka mpaka kutoka Burundi bila wazazi, na kila kengele ilipogongwa nilianguka nikitetemeka mwili mzima, nimemeza vidonge vya kifafa bila nafuu, wenzangu wakinikimbia. Walimu walimwita, akanitazama nikianguka mara tatu, akazungumza na daktari, wakakubaliana kwamba si kifafa wala si uongo, ni hofu iliyokosa mdomo, akawaambia walimu, “Msimshike, msimzonge, wekeni kanga chini ya kichwa, mmoja akae naye, akiinuka arudi darasani.” Mimi akaniambia, “Mwanangu, huna kosa, vidole vikianza kufa ganzi, kanyaga ardhi, pumua polepole, nitajie vitu vitano unavyoviona.” Cha tano, siku ile ya kwanza, kilikuwa pua yake, tukacheka sote wawili.

Alikuja kila Jumatano, nikamsimulia ya kwetu kidogo kidogo, na kufikia Desemba 1975 nilikuwa sianguki tena, akanichukua nyumbani kwake. Mwaka 1977 nilipopokewa kusomea ualimu, alicheza uani mpaka kofia ikamdondoka.

Moyo ulianza kumsumbua Machi 1979, akalazwa Kasulu, akafariki Jumamosi tarehe 11 Agosti, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama.

Tunawashukuru madaktari waliomhudumia, majirani mlioleta kuni na maharage, wauguzi wenzake, na vijana hawa sita waliobeba jeneza, ambao nao waliwahi kuanguka akakaa nao chini, na leo wamemwinua.

Pumzika, baba, kwa amani uliyotugawia.