Historia ya Marehemu Kaka Yetu, Aliyelitafuta Jicho la Kulia

Viongozi wetu wa dini, wazee wetu, majirani, nanyi nyote mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ndiye niliyemfuata marehemu kuzaliwa, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Nitasoma polepole, kwa sababu ndivyo nilivyozoea, na kwa sababu humu mna mambo yanayonipandisha hasira, na sitaki hasira initangulie mbele ya jeneza.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, safu ya tatu kutoka getini, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, dereva wa lori la kiwanda, na mama yetu, mfungaji wa majora ya vitambaa katika kiwanda hicho hicho. Alianza shule ya msingi Januari 1964, na kila siku kengele ya mwisho ikilia alikuwa hapiti nyumbani, alikwenda moja kwa moja getini kumsubiri mama, kwa kuwa mama alikuwa hatoki mikono mitupu. Ni katika kusubiri huko, mwezi Agosti 1967, alipowakuta watu wa shirika la filamu wamesimamisha kamera yenye lenzi mbili, wanawapiga picha wafanyakazi wakitoka zamu, naye kwa udadisi wake akasimama chini ya kamera kabisa, mama akatoka, akamwona mwanawe, akanyoosha mkono ampe chungwa. Mama hakuwa anaigiza, wala hakuwa na habari na kamera, alikuwa anampa mtoto wake chungwa, na nawaomba mlishike chungwa hilo, kwa sababu nitalirudia.

Alimaliza sekondari mwaka 1974, akasomea ufundi wa mashine za kuonyeshea filamu, na mwaka 1977 akaajiriwa na shirika lile lile, kwenye ghala la mikanda. Kwa ndugu ambao hamkupata kuketi sebuleni kwake, filamu alizozipenda hupigwa mara mbili kwa wakati mmoja, mkanda mmoja kwa jicho la kushoto na mwingine kwa jicho la kulia, hutofautiana kidogo tu kama macho ya mtu yanavyotofautiana, na ukivaa miwani yake kila jicho likapata mkanda wake, picha huacha kuwa bapa, ikawa na mbele na nyuma, aliye karibu akawa karibu na ukuta ulio mbali ukawa mbali. Kwa jinsi alivyokuwa akiyapanga makopo ya mikanda huku akinong'ona kushoto, kulia, kushoto, kulia, wenzake walimwita Gwaride, na jina hilo limemfuata hadi leo.

Alifunga ndoa mwezi Juni 1983 na wifi yangu, karani wa posta, nao wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1985, ambaye ni mwuguzi, na kijana aliyezaliwa 1989, ambaye ni fundi umeme. Siku za mapumziko, baada ya ibada, kaka alileta mikanda na mashine alizoazima ghalani, wifi akaiosha miwani kwenye beseni la maji ya sabuni, akaipanga juu ya kitambaa, na mtaa mzima ukajaa sebuleni, na mnakumbuka siku jirani yetu fundi cherehani alipoukwepa mpira uliomjia kutoka kwenye filamu, akaangukia mapajani kwa mama mkwe wa kaka, na mama mkwe akamwambia, "Baba, mpira umepita, inuka."

Sasa nisikilizeni. Mwaka 1991 mkuu wa ghala alipita kwenye rafu, akaona makopo mawili mawili yenye jina moja, akasema, "Nakala mbili za nini? Bakizeni moja, hizo nyingine wapeni watu wa chakavu." Kaka akamwambia, "Mzee, hiyo si nakala, hilo ni jicho la kulia." Mkuu akacheka mbele ya watu, akamjibu, "Filamu ina macho? Kesho utaniambia ina meno." Makopo ya kulia yakapakiwa kwenye mkokoteni. Ndugu zangu, kuna mtu amewahi kukuta viatu vyake chini ya kitanda, akatupa cha kulia kwa sababu cha kushoto kinafanana nacho? Na huyo alikuwa mkuu, tena alistaafu kwa sherehe.

Kaka alipopunguzwa kazini mwaka 1999 alikwenda na makopo ya kushoto, ambayo hakuna aliyeyataka tena, akayaweka chumba cha nyuma, akaanza kuyatafuta ya kulia kwa wanunuzi wa chakavu mmoja baada ya mwingine. Mengi hayakuonekana. Filamu ya geti la kiwanda, iliyo fupi kuliko zote, aliikuta mwaka 2003 mlangoni kwa kinyozi, imekatwakatwa vipande vya urefu wa mlango, imening'inizwa iwe pazia, na watu walikuwa wakipita wanaisukuma kwa mabega. Kaka aliinua kipande kimoja kwenye mwanga, akamwona mama. Kinyozi alishangaa akamwambia, "Mzee, hilo ni pazia tu, mbona unalia?" Fundi cherehani akashona pazia jingine, kinyozi akalikubali, na yuko hapa leo amekaa nyuma pale, Mungu ambariki.

Kazi ya kuunganisha ilichukua miaka. Alivipanga vipande kwa kufuatisha mkanda wa kushoto, akavifuta, akavipiga picha moja moja na kuviingiza kwenye kompyuta, akairudisha rangi iliyoliwa na jua, na palipokosekana picha upande wa kulia aliiondoa na ya kushoto, kwa sababu jicho moja likitangulia lingine hata kidogo kichwa kinauma. Mwezi Desemba 2015 alituita sebuleni, tukavaa miwani, geti likafunguka, mama yetu, aliyefariki mwaka 1996, akatoka akiwa kijana, akanyoosha mkono, chungwa likatoka kwenye televisheni likafika juu ya meza. Na kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi, akanyoosha mkono wake alipokee.

Mwaka 2019 shirika lilifanya maadhimisho, likaiazima filamu hiyo, naye akawapa akiwa ameandika kushoto na kulia kwa herufi kubwa. Mtu wa mitambo alisimama mbele ya mashine badala ya nyuma yake, kushoto kwake kukawa kulia kwa mashine, akachomeka hivyo hivyo. Ukumbi mzima ukaona mambo kinyume, ukuta ukaja mbele, watu wakarudi nyuma, na chungwa la mama likadidimia tumboni mwake kama shimo. Kaka akasimama akasema, "Mmegeuza macho! Badilisheni!" Walinzi wakamshika mkono wakamtoa nje, na msema chochote wa sherehe akatangaza kwenye kipaza sauti, "Tumvumilieni mzee, umri umekwenda," watu wakacheka. Baadaye watu wa shirika walisema filamu yake haina mbele wala nyuma, na mwenyewe hana mbele wala nyuma. Wao waliofanya mbele kuwa nyuma! Hakuna aliyekuja kuomba radhi, hadi leo ninaposoma.

Mwezi Februari 2021 alipata kiharusi, ukope wa kulia ukaanguka, haukuinuka tena. Sisemi nani alisababisha, Mungu ndiye ajuaye, lakini nasema nilichokiona. Tangu hapo filamu kwake ilikuwa bapa, hata hivyo aliiweka, na wifi akikaa upande wake wa kulia kaka alimwuliza, "Limefika wapi?" naye akamjibu, "Limefika mezani, baba watoto, pokea." Hali yake ilibadilika mwezi Aprili mwaka huu, akalazwa wodi ya wanaume, na alfajiri ya tarehe 14 Mei 2023 Mwenyezi Mungu akamchukua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, daktari wa macho aliyemhangaikia kuliko ilivyompasa, majirani, na mafundi wenzake wa zamani waliobeba jeneza. Shirika nalo limetuma salamu za rambirambi leo asubuhi, limeomba lipewe filamu ya geti kwa ajili ya kumbukumbu za taifa, na mjumbe wao, kwa heshima zote, akasema nakala moja inatosha.

Familia inajibu hapa, mbele ya mashahidi. Mama yetu hakatwi nusu. Anayemtaka aje nyumbani kwa marehemu, aketi sebuleni, avae miwani iliyooshwa na wifi yangu, amwone mzima, na akitaka kumchukua amchukue kushoto na kulia kwa pamoja, tena baada ya kumwomba radhi mwenye kazi, pale kaburini kwake.

Kaka, tumeyafumba macho yako yote mawili kwa wakati mmoja, na tunamwomba Mungu ayafumbue kwa wakati mmoja. Kilicho karibu na kiwe karibu. Mama akinyoosha mkono, pokea, kisha upumzike.