Mzee Mwinyimvua na Gari Lisilonguruma

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuendesha magari ya wagonjwa ya shirika letu hapa Kibiti, Mzee Mwinyimvua Mshamu anakabidhi funguo. Mimi Mwanahalima, wa mapokezi, ameniomba nisimsifu. Kama lazima niseme kitu, niseme habari za gari la umeme, ili wanaomfuata wajue wanarithi kiti cha nani.

Alizoea Landrova iliyosikika kabla ya kuonekana. Gari la umeme lilipoletwa kwa majaribio mwaka juzi, tukaambiwa ndio usafiri wa kesho, mjini na vijijini, alicheka. "Wazee wangu kule Umatumbini waliambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji," alisema. "Leo mimi naambiwa gari halitaki mafuta." Asubuhi ya kwanza alifungua boneti, akatafuta kijiti cha kupimia oili asikione, akaifunga boneti taratibu na kutangaza, "Oili ipo." Sote tukaitikia kwa kichwa.

Masika ile, Landrova ikiwa gereji, simu ikaja kutoka Umwe: Mwanajuma, mimba ya kwanza, uchungu tangu jana. Mzee akaondoka na gari asiloliamini. Akiwa njiani na Mwanajuma na mumewe kwenda hospitali ya Mchukwi, ndipo akaona chaji inaisha. Usiku alikuwa amechomeka waya na kusahau kuwasha swichi ukutani. Akazima redio na kiyoyozi, akaenda mwendo wa baiskeli, akimwomba radhi Mwanajuma kila penye shimo. Gari lilizimika getini. Wauguzi wakamchukua Mwanajuma kwa machela. Mumewe, Abbasi, akabaki na Mzee kulisukuma gari. Mtoto wa kike alizaliwa salama kabla hawajalifikisha kivulini.

Tangu hapo, Mzee ndiye mwalimu wa madereva wetu wote wa magari ya umeme. Mwaka jana alialikwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa usafiri wa mijini. Alipoulizwa dereva wa kesho atahitaji nini, alijibu, "Mtu wa kumkumbusha swichi," kisha akasimulia aibu yake yote bila kupunguza. Ukumbi ulicheka, naye akacheka kuwazidi.

Sasa anarudi shambani kwake. Mzee wetu, umejicheka miaka yote, lakini hakuna mgonjwa uliyemwacha njiani. Tunakushukuru. Mungu akujalie afya na siku njema nyumbani. Ukisikia simu inalia alfajiri, geukia upande wa pili ulale, tutakwenda sisi.