Frednand, Msemaji wa Misiba ya Kirushya

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Frednand wa Kirushya, wilayani Ngara. Frednand alifariki Jumanne, nyumbani kwake. Ndiye aliyekuwa msemaji wa misibani. Mtu akifa Kirushya, Frednand ndiye aliyekuwa akisimama kaburini kumwelezea marehemu. Sauti nene, koti jeusi, maneno mengi.

Mwaka 1995, miaka ile ya wakimbizi, alizikwa jirani yake, bibi Restuta. Frednand alizungumza mpaka jua likawachoma watu. Kisha akasimama mkimbizi kutoka Burundi, mzee Nduwayo, aliyekuwa akitoka kambini kuja kulima vibarua. Kirundi na Kihangaza, lugha yetu ya Ngara, husikilizana, kila mtu akamwelewa. Alisema, "Mama huyu alitupatia viazi kabla hajatuuliza majina. Nami nataka kuishi hivyo kabla sijafa." Akakaa. Watu wakalia.

Frednand hakulia. Siku hiyo hakugusa chakula. Mkewe, Bonifasia, anakumbuka: "Aliniuliza, 'Kwani yule ana nini?' Niliona wivu umemkaa kooni."

Na wivu ukakua, wasikilizaji. Msiba uliofuata, wafiwa wakamwita Nduwayo. Uliofuata tena, Nduwayo. Frednand akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akamshtaki Nduwayo kwamba anazurura nje ya kambi bila kibali. Nduwayo akazuiwa kutoka.

Haukupita muda mrefu, mama mzazi wa Frednand, Adelfina, akaugua. Akiwa kitandani alisema, "Mwanangu, nikiondoka, aseme yule Mrundi. Yule hasemi uongo." Frednand hakuthubutu kumwambia alichofanya. Mama akafa. Akasimama yeye, kwa sauti ileile nene, akamsifu mama yake. Walipotoka kaburini Bonifasia akamwambia, "Umemsifu mpaka sikumtambua."

Hapo ndipo alipovunjika. Asubuhi akatembea hadi kambini. Akamkuta Nduwayo akianika maharage.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mama."

"Mimi ndiye niliyekushtaki. Nilikuonea wivu."

Mzee hakuinua uso. Mikono yake iliendelea kutandaza maharage. Kisha akasema, "Hata mimi nilikuonea wivu. Kila msiba. Wewe unazika watu wako kwenye ardhi yao. Wangu sijui hata walipolala."

Frednand akaketi chini, akaanika naye. Alipotoka hapo alikwenda kwa mwenyekiti, akakiri mbele za watu, akamwombea mzee kibali.

Nduwayo hakurudi kwao. Alifariki akiwa bado mkimbizi. Frednand akaomba mwili, akamzika kwenye migomba yake, ubavuni mwa mama Adelfina. Siku hiyo msemaji wetu alisema maneno machache mno: "Nilimwonea wivu. Alinisamehe. Sasa ana kwao."

Jana, wasikilizaji wapendwa, Frednand naye alizikwa hapo hapo. Binti yake, Kezia, alisimama kaburini. Alisema, "Baba aliniagiza nisimsifu. Nimwambie tu kila mtu kwamba alikuwa mwenye wivu, na kwamba aliwahi kuomba radhi."

Kwa mama Bonifasia, kwa Kezia na ndugu wote wa Kirushya, poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nawe unayenisikiliza, yupo mtu ambaye sifa zake zinakuchoma. Unamjua. Mfuate angali hai. Huenda naye, siku zote hizi, anakutazama wewe.