Mpiga Piano wa Vidole Tisa

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Mei 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha uchapaji ambako baba yake alikuwa mpanga herufi. Mama yake alikuwa mshonaji. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano, na ndugu zake wote wanne walikubaliana kwamba kwa ubishi hakuwa na mpinzani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Piano ya shule ilikaa ukumbini chini ya kitambaa cha kijani, na wanafunzi walikatazwa kuigusa. Akiwa darasa la tatu aliigusa. Mwalimu wa muziki alimkuta akitafuta wimbo wa shule kwa kidole kimoja, akamuuliza, "Na mkono wa pili umekuja kutembea?" Kuanzia wiki hiyo alimfundisha kila siku baada ya masomo. Marehemu alimaliza sekondari mwaka 1970, na chuo cha muziki mwaka 1974, akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Alitoa onyesho lake la kwanza la peke yake Jumamosi, tarehe 1 Februari 1975. Katika miaka ishirini iliyofuata alipiga muziki wa klasiki katika nchi kumi na saba, peke yake na pamoja na okestra, na kurekodi santuri tisa. Hakuwahi kuchelewa onyesho hata moja. Hakula kitu siku ya onyesho mpaka amalize, na waliomkaribia saa hizo walijuta.

Mmoja wao alikuwa fundi wa piano wa ukumbi mkuu. Mwaka 1977 marehemu alimrudisha jukwaani mara tatu, akidai kwamba sauti moja ya juu ilikuwa inakwama. Mara ya nne fundi aliweka vifaa vyake sakafuni. "Dada, piano ni nzima. Ipige mwenyewe nikutazame, tujue nani anakwama." Alipiga. Haikukwama. Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1978, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwaka 1994 kidole cha pete cha mkono wake wa kulia kilianza kujikunja chenyewe kila alipopiga. Daktari wa mishipa ya fahamu alieleza kwamba kidole hakikuwa na jeraha. Ubongo ndio uliokuwa ukikituma vibaya, na dawa haikuwapo. Kwa zaidi ya mwaka marehemu aliificha hali hiyo. Tarehe 7 Oktoba 1995, mbele ya watu mia tisa katika ukumbi mkuu, alisimama katikati ya sonata, utungo mrefu wa piano. "Samahanini," alisema. "Kidole kimoja kimenigomea. Nikiendelea nitakuwa nawadanganya." Akafunika piano, akatoka.

Mkurugenzi wa ukumbi alifika nyumbani siku ya tatu, na maua. "Mama, tumepanga hafla. Tukuage kwa heshima zote."

"Kuagwa? Nani amekwambia naondoka?"

"Lakini daktari..."

"Daktari anapiga piano? Siku ya kuondoka nitakwambia mimi."

Nota za piano huandikwa tarakimu ndogo zinazoonyesha kila sauti ipigwe kwa kidole kipi. Marehemu alichukua penseli, akafuta tarakimu zote za kidole kile katika nota zake, ukurasa kwa ukurasa, kisha akagawa kazi yake kwa vidole vinne vilivyobaki vya mkono huo. Mikono iliyokuwa na mazoea ya miaka thelathini ilibidi ianze upya. Alirudia mstari mmoja kwa wiki nzima, mpaka jirani akapaza sauti ukutani: "Mama, huo hata mimi nimeshaujua! Nenda unaofuata!"

"Wewe umeujua," alijibu. "Mimi bado!"

Ilimchukua miaka mitatu na miezi minane. Jumamosi, tarehe 12 Juni 1999, katika ukumbi uleule, alipiga sonata ileile kuanzia mwanzo, akaimaliza. Mhakiki wa gazeti alilalamika kwamba sehemu ya pili ilikuwa ya polepole mno. Kuhusu vidole hakuandika neno. Marehemu alikibandika kipande hicho cha gazeti kwenye mlango wa jokofu na kumwonyesha kila mgeni: "Hakuona! Na alikaa mstari wa mbele!"

Alipiga kwa miaka kumi na miwili zaidi. Novemba 2011, akiwa na umri wa miaka sitini na mikono yake ikimtii, alimpigia simu mkurugenzi yule, ambaye naye alikuwa amestaafu. "Ile hafla yako bado ipo? Basi sasa niageni." Nota zake za penseli alizipeleka chuo cha muziki, ziazimwe na yeyote mwenye kidole kilichomgomea.

Mwaka 2021 alianza kuugua moyo. Alipolazwa mara ya mwisho, muuguzi aliuliza kazi ya mgonjwa, na binti yake akajibu, "Mstaafu." Marehemu alifungua macho. "Andika mpiga piano. Kustaafu ni jambo nililolifanya, siyo kazi yangu." Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 71. Mumewe alikuwa kando yake.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, dada mmoja, na wanafunzi sitini na watatu. Ameacha pia wapiga piano saba ambao hakuwafundisha hata siku moja, waliorudi jukwaani kwa kufuata penseli yake. Wawili kati yao wako nasi hapa leo.

Apumzike sasa, kwa amani, akijua kazi inaendelea.