Cheti cha Festus

Treni ya Taveta ilikuwa bado haijafika mbali na Voi, na mwanamke wa Rukanga aliyekaa mbele yangu alikuwa ameshamsimulia nesi mstaafu mwenye buibui siri zote za nyumba yake. Mimi nilikuwa nasoma gazeti, ukurasa uleule.

"Cheti kinasema mume wangu Festus hana malengelenge ya sehemu za siri, mama. Amekibandika ukutani, juu ya redio. Sasa mchafu ni mimi."

"Alimeza dawa kabla ya kupimwa?"

"Wiki nzima. Eti kumwonyesha daktari vidonda ni aibu."

Nesi akaguna. "Vidonda vishakauka, pamba ya kipimo ingekuta nini? Cheti hicho hakimtakasi, mwanangu. Wala hakimtii hatiani kwa uzinzi. Ugonjwa huu hulala mwilini miaka, huenda alikuwa nao kabla hajakuoa."

Hayo ya mwisho niliyasikia peke yangu.

"Kumbe ndiyo maana Peris alimharakisha ameze!"

"Peris ni nani?"

"Yule wa duka la dawa, Mwatate."

Treni ilianza kufunga breki. Nesi akamshika mkono. "Mwanangu, hakuna kipimo kinachotaja jina la mtu."

"Jina ninalo," akasema, akajifunga leso kiunoni, akateremka Mwatate.