Kalondu wa Magadi

PERIS: Haloo? Nani huyu?

KALONDU: Kwani ulifuta namba yangu? Ni mimi, Kalondu.

PERIS: Mama Musili! Wi museo, u mzima? Ngoja nitoke jikoni, mtandao unakwamakwama... [vyombo vinagongana] Haya, sema. Wateja wa lanchi wameisha.

KALONDU: Najua. Nimetoka hapo kwenu saa hii.

PERIS: Hapa kwa Karanja? Wacha mchezo! Tangu akufukuze kazi ya jikoni, miaka miwili—

KALONDU: Nilikaa meza ya nyuma, nikafunga leso mpaka kwa macho. Nimeonja kila kitu.

PERIS: Aiyai! Umekuja kumwandika kwa ule ukurasa wako wa kuonja hoteli! Wiki jana ulimmaliza Henry, sijui chapati yake—

KALONDU: Nilisema inaweza kuziba pancha. Si uongo.

PERIS: [anacheka] Na kahawa ya Gatimu, maji ya kuoshea vikombe! Watu elfu kumi na moja wanakusoma, Mama Musili. Mwanike huyu Karanja! Alikutupa nje kama ganda la ndizi, tena mbele ya wazee. Mwaga ukweli wote!

KALONDU: Wote?

PERIS: Wote! Mimi rafiki yako nakwambia.

KALONDU: Basi sikiza nilivyoandika. "Kwa Karanja. Chai nzuri, tangawizi haina uchoyo. Kuku ni wa kienyeji kweli, si wa kudanganya. Karanja mwenyewe ana roho mbaya, lakini hajui kupika hata maji—"

PERIS: Hapo sawa! Endelea!

KALONDU: "—kwa hivyo muthokoi, haya mahindi yetu ya kutwanga, si kosa lake. Imewekwa magadi."

[Mtandao unakwaruza.]

KALONDU: Peris? Uko?

PERIS: Unakatika... sikusikii vizuri—

KALONDU: Unanisikia sana. Rangi ya manjano, mahindi yanateleza, mdomoni sabuni. Ni ladha ile ile ya siku Karanja alitupa kazi ya kupikia ntheo, wazee wa Masii walipoleta mbuzi za mahari. Walionja kijiko kimoja wakasukuma sahani. Wakanawa mikono, Peris!

PERIS: Labda ni huyu Kavindu, unajua ni mgeni jikoni—

KALONDU: Kavindu hakuwako siku hiyo. Mimi nilitwanga, nikaloweka usiku kucha, asubuhi nikainjika. Nikakuachia sufuria niende kupokea nyama. Niliporudi nikakuuliza mambo iko aje. Ukasema nini?

PERIS: ...Nilisema iko sawa.

KALONDU: Mpaka leo nikikanyaga soko ya Masii naitwa Kalondu wa Magadi. Musili naye shuleni ni mtoto wa Magadi. Musili, uliyemshika wewe kwa ubatizo!

PERIS: Moto ulizima nikiwa kwa simu. Wageni hao wamefika, na mahindi bado ngumu kama kokoto. Niliogopa, nikatia magadi yaive upesi, Mama Musili! Halafu Karanja akauliza ni nani, watu wote wakakuangalia wewe—

KALONDU: Na wewe pia ukaniangalia.

PERIS: Nisamehe. Ngai wakwa, nisamehe. Kwa hiyo maneno umeandika... jina langu haliko, ama?

KALONDU: Liko mwisho. "Mpishi wa muthokoi, leo na siku ile ya ntheo, ni Peris."

PERIS: Futa hapo mwisho tu! Niko na watoto—

KALONDU: Hata mimi nilikuwa na mtoto siku hiyo.

PERIS: Nakuomba, kabla hujaposti—

KALONDU: Nilishaposti kabla nikupigie.

PERIS: Ati nini?

KALONDU: Nilisema moyoni, huyu tumetoka mbali, wacha nimpigie. Akisema mwenyewe bila kuulizwa, nafuta yote. Kidole kilikuwa hapo hapo. Wewe ukaniambia nimwanike Karanja.

PERIS: Mwaitu, mama yangu wee... [mlango unabamizwa, mtu anaita] Yuko hapa. Ananiita. Ameshika simu yake mkononi.

KALONDU: Enda basi, usimkawishe. Yangu nayo inalia, kredo inaisha.

PERIS: Nimwambie nini? Usikate! Mama Musili, nimwambie nini?

KALONDU: Mwambie iko sawa.

[Simu imekatika.]